Pumzi ya Kocha

Kocha wangu hakuwahi kuwa na bastola ya kuanzishia mbio. Kwenye uwanja wa shule nyuma ya Dagoretti Corner alitumia vipande viwili vya mbao. Alisema "tayari", akavuta pumzi hadi kifua kikajaa, kisha akavigonganisha, pa! Wanasema mazoea hujenga tabia. Miaka yote hiyo sikujua kwamba nilikuwa sisubiri mbao. Nilikuwa nasubiri ile pumzi.

Watu walinicheka. Mkenya na mita mia moja wapi na wapi? Mama yangu husuka nywele Kenyatta Market, na mteja wake mmoja aliniuliza mbona nisikimbie mbio ndefu kama watu. Lakini hayawi hayawi yakawa, nikachaguliwa kwenda mashindano ya dunia. Mama alibeba televisheni ya nyumbani hadi kibandani mwake ili soko zima lione.

Ulikuwa mchujo wa kwanza. Tuliinama, vidole nyuma ya mstari. Mwanzishaji akasema tayari, uwanja mzima ukanyamaza. Kisha msichana aliyekuwa kushoto kwangu akavuta pumzi kwa nguvu, nami nikaondoka.

Niliondoka peke yangu. Mlio wa kuturudisha ulinikuta nimeshafika mbali. Mwamuzi akaniinulia kadi nyekundu bila kunitazama usoni, na siku hizi hakuna nafasi ya pili. Nilitoka nimeshika viatu mkononi. Uchungu ule simwombei hata adui.

Mama alipiga simu. "Sasa wewe, ulikuwa unakimbilia nini?" akauliza, halafu akalia. Nyuma yake niliwasikia wateja wakitaka stesheni ibadilishwe.

Sikuitwa tena kwenye timu. Kocha ana wasichana wengine sasa, na juzi nilimfuata uwanjani nimwambie kabla hawajaharibika kama mimi.

"Kocha, hawa wanaskia ukivuta pumzi. Wanatoka na hiyo, si mbao."

Akacheka. "Kila mtu anapumua, msichana yangu. Wewe uliogopa tu. Kubali."

Akawainamisha. "Tayari!" Kifua kikajaa. Wasichana wakachomoka wote kwa pamoja, naye akapiga kelele za furaha, "Hapo sawa! Hapo sawa!"

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya ua, nimevaa ndara. Mbao zilipogongana, mguu wangu ulikuwa umeshaondoka.