Gari la Marehemu Linaandaliwa Mashindano, Nami Niko Eda

Kisa hiki kimeletwa na msomaji wetu wa Kisii. Jina lake tunalo, ila hatulitaji. Msomeni, kisha mumjibu bila kuchelewa.

Bwana Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minane, mzaliwa wa Masimba, nimeolewa hapa Kisii mjini katika familia ya Kiislamu ya wauza vitambaa. Nina watoto wawili. Mume wangu alifariki kwa homa, Mungu amrehemu, na sasa niko eda. Sitoki, sijipambi, na mwanamume asiye maharimu yangu hasemi nami ila kwa haja, tena nikiwa nyuma ya pazia. Hayo siyalalamikii. Kinachoninyima usingizi ni gari.

Marehemu aliacha gari dogo la kawaida, la kupeleka vitambaa sokoni na kukimbiza wagonjwa wa mtaa hospitali. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, ndiye analo sasa. Wazungu na Wahindi wenye magari wana mchezo wao: kila gari linakwenda peke yake, linapanda mlima, linazunguka vigingi, linashuka mbio, na saa inahesabu. Safari hii wamesema hata asiyewahi kushindana aje na gari lake la nyumbani. Basi, shemeji akapagawa.

Uani hapakaliki! Ametoa kiti cha nyuma, tairi la akiba, jeki na mikeka, ati gari liwe jepesi. Betri ameifunga kwa waya isirukeruke. Nati za magurudumu anazikaza mpaka jasho linamtiririka. Tairi za mbele amenunua mpya, na mlangoni amechora namba kwa chokaa. Kazi safi, sikatai. Lakini breki, jamani! Breki!

Mvua zilizopita nilikuwa natoka na mume wangu soko la Nyamache. Tulikuwa tukishuka mteremko, anakanyaga breki kila kona, mara pedali ikazama yote mpaka chini. Nikamsikia anasema, "La ilaha illallah." Akakata usukani, akalichubua gari kwenye ukingo wa barabara mpaka likasimama. Tulikaa kando ya migomba, magurudumu yananuka kuungua. Yalipopoa akakanyaga tena, breki ikashika kama vile hakukutokea kitu. Akaniambia, "Mama Zuhura, usimwambie mama, atanikataza kuendesha." Tangu siku hiyo milima aliishuka polepole, kwa gia.

Nilipoona gari linaandaliwa, nikamweleza mama mkwe yote hayo, naye akamfikishia shemeji. Shemeji akamwita fundi wake Odhiambo, mtu wa kando ya ziwa. Wakaliendesha mpaka barabarani na kurudi, wakakanyaga, likasimama palepale. Wakacheka. Mimi nikashindwa kujizuia, nikapaza sauti dirishani: "Shemeji, hapo breki ni baridi! Lipeleke mlimani lipate moto kwanza ndipo ulipime!"

"Shemeji, wewe kaa eda yako," akanijibu. "Breki tumezifungua, tumezikaza, ziko ngumu kama jiwe."

Wallahi ile sauti ya dirishani imeniponza. Jirani yetu, mwanamke ambaye kazi yake ni kusikiliza kuta za watu, ameshaeneza mtaani kwamba mjane hata eda haijaisha ameanza kumchunga mume mpya. Maana kila mtu anajua kwamba nikitoka eda, ndugu watataka shemeji anioe. Mama mkwe akanijia juu. "Nikikusikia tena unamwita mwanangu dirishani, utarudi kwenu Masimba peke yako. Watoto ni wa nyumba hii." Na huku kwetu mtoto ni wa upande wa baba, hata ukalie kwa nani. Nikafyata mkia. Nikajiambia shemeji ni mtu mzima, akili anayo, akijiua shauri yake. Nilijidanganya tu, roho ilikuwa inaniuma.

Sasa jana Zuhura, binti yangu wa miaka saba, kanijia mbio amejaa furaha. "Mama! Baba mdogo amesema nitakaa mbele, kando yake, siku ya mashindano!"

Nilidhani ni utani. Nikamuuliza mama mkwe. Hata hakuinua macho, alikuwa anashona gauni jeupe. "Wenzake wote wana mtu wa kukaa kando," akasema. "Mtoto wa marehemu kupanda gari la baba yake, ubaya uko wapi?" Gauni lenyewe ni la Zuhura. Nikakaa chini pale pale sakafuni.

Mashindano yenyewe ni kabla eda yangu haijaisha. Nilipoanza kuandika barua hii nilitaka kuwauliza kama niseme au ninyamaze. Hilo silo swali tena. Nitatoka, nisimame mbele ya gari mchana kweupe, mtaa mzima unitazame na umbea wao, na wakitaka kunirudisha Masimba wanirudishe. Nitamlilia mwanangu nikijua yuko hai kwa bibi yake.

Lakini najua watakavyofanya. Watanishika mikono, watasema uchungu wa kufiwa umenipanda kichwani, watanirudisha ndani. Halafu Zuhura atapandishwa garini na gauni lake, na shemeji atakanyaga breki mbele ya watu wote, ikiwa bado baridi, nayo itashika.

Nyinyi mnaoendesha magari, ambao pedali imewahi kuwazamia mguuni, ni neno gani lingewafanya mumsikilize mwanamke aliye nyuma ya pazia? Nipeni neno hilo. Nishaurini upesi, nifanye nini?