Nilimgeuzia Mama Maneno ya Kocha

Nilimdanganya mama yangu mzazi, mezani kwake, huku mtu niliyemsingizia amekaa mbele yetu anakula sombe, yaani kisamvu. Sikulazimishwa na mtu yeyote. Nilikuwa na akili zangu timamu. Jina langu liacheni, maana Waswahili wa Toronto tunajuana, na mama bado anaimba kwaya.

Niseme kwanza mimi ni nani, usije ukanionea huruma kabla ya wakati. Nilikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu. Na si wa kujaza nafasi, jamani! Nilikuwa moto wa kuotea mbali. Sisi ni Wakongo wa Kivu, lakini mimi nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, na huko ndiko baba alikofia. Tulifika Canada mimi na mama tu, tukapata nyumba St. James Town, kwenye yale maghorofa ambayo lifti ikiharibika unapanda ngazi na mifuko ya sokoni huku unasali.

Mama hakujua Kiingereza. Mimi nilikishika haraka shuleni kama watoto wote, basi nikawa mdomo wake na masikio yake. Benki ni mimi, hospitali ni mimi, mwenye nyumba ni mimi. Hata kwenye vikao vya wazazi nilitafsiri mashtaka yangu mwenyewe! Mwalimu akisema mtoto huyu anapiga kelele darasani, nilimwambia mama hivyo hivyo, na tukifika nyumbani nilikiona cha mtema kuni. Wenzangu walinicheka sana. Wao mwalimu akilalamika walitafsiri kwamba anawasifu. Mimi sikuwahi, na mama alijivuna kanisani kwamba mwanawe haongezi wala hapunguzi.

Nilipomaliza sekondari, kocha wa chuo kimoja hapahapa mjini alinitaka. Alikuja nyumbani kumwona mama. Mama aliushika mkono wangu, akauweka ndani ya mkono wa yule mzungu, akasema, nami nikatafsiri kama alivyosema: "Huyu hana baba. Kuanzia leo ni mutoto yako. Ukimukanya, ni mimi nimemukanya."

Kwetu hayo si maneno ya kupamba mazungumzo. Mtoto akishakabidhiwa mtu namna ile, haondoki mpaka mtu huyo amwachie kwa kinywa chake, mbele ya yule aliyemkabidhi. Kuondoka kimyakimya ni matusi. Sijui kama kocha aliujua uzito wake, ila alinilea kweli. Alinifokea nilipokosa darasa. Goti langu liliposumbua, yeye ndiye aliyenipeleka kwa daktari, na mama alipougua alipanda ngazi kuja kumwona akiwa na mfuko wa machungwa.

Msimu wa pili nikalewa sifa. Video zangu zikaanza kuzunguka kwenye simu za vijana, na kocha wa chuo kimoja cha Marekani akanipigia. Akaniambia nahodha kama mimi ndiye anayemtafuta, kwamba kule uwanja unajaa mpaka watu wanakosa viti, kwamba mechi zinaonyeshwa nchi nzima. Mimi hata nahodha sikuwa! Lakini kichwa kilishavimba, nikajiona tayari niko kwenye ligi kubwa, namnunulia mama nyumba yenye bustani.

Nikamwambia mama nataka kuhama chuo. Hakukataa wala hakukubali. Alinyanyua macho kwenye mchele aliokuwa anachagua, akasema, "Si nilikupa kwa kocha? Kama kocha anakuachilia, mimi naye nitakubariki. Mwambie akuje, aniambie ye mwenyewe."

Kocha akaja. Mama alipika tangu asubuhi. Fufu, sombe, samaki wa kukaanga, kila kitu. Tukakaa wote watatu, na mimi katikati.

Kocha akaweka kijiko chini, akaniambia, "Mweleze mama yako nitakayosema, yote." Halafu akaanza kuongea akimtazama mama, si mimi. Alisema goti langu halijapona vizuri. Alisema kule wanakusanya wachezaji wengi, na wengi huishia kusugua benchi kisha wanaachwa. Alisema mwaka ujao timu inajengwa juu yangu, na shahada yangu nitaimaliza. Mwisho akasema, "Mama, uamuzi ni wako. Lakini nakuomba, usimwache aende."

Mama akanigeukia. Alikuwa anangoja kama alivyongoja maisha yake yote kwenye madirisha ya ofisi za watu. 

Nikasema, "Kocha anasema amenifundisha alichonacho, kimekwisha. Anasema kule ndiko kunanifaa. Anakuomba uniruhusu niende."

Mungu wangu! Mama alilia. Aliinuka, akaishika mikono ya kocha kwa mikono yake yote miwili, akamwambia, "Mungu akubariki sana. Wengine wangemung'ang'ania juu ya faida yao. Weye unamuachilia. Sitakusahau."

Kocha aliona machozi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Amesemaje?"

Nikamjibu, "Anakushukuru kwa ushauri. Lakini ameamua niende."

Yaani niliwadanganya wote wawili, kwa pumzi moja, na kila mmoja amemshika mwenzake mikono! Kocha alimtazama mama muda mrefu. Kisha akasema kwamba mama ni mama, hana la kuongeza, akamaliza chakula chake kwa heshima. Mlangoni alinikumbatia, akaniambia nilichunge lile goti.

Nikaenda.

Ya huko sina haja ya kuyapamba. Yule kocha aliyenipigia simu alihamia chuo kingine kabla msimu haujaanza. Akaja kocha mpya, na wachezaji wake aliowachukua alikotoka. Mimi hata jina langu alikuwa akilikosea. Uwanja ulijaa kweli kama nilivyoahidiwa, watu walikosa viti. Mimi kiti nilikuwa nacho, kilekile, mwisho wa benchi, karibu na chupa za maji!

Nyumbani nilimwambia mama mambo ni mazuri. Ukishaanza kutafsiri vibaya, huachi.

Na mama, huku Toronto, alikuwa anafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka linaniuma. Alijiandikisha darasa la Kiingereza la wageni. Mwanamke anayesafisha ofisi tangu alfajiri, akitoka huko anakaa na daftari anajifunza kusema jana na kesho! Nilipomuuliza kwenye simu kwa nini ajisumbue, alicheka. "Kwenye kompyuta kuna mutu anasemasema wakati munacheza. Nataka nisikie akikutaja. Nijue kama anakusifu ao anakutukana."

Alitazama kila mechi. Akaalika na wamama wa kwaya. Mtangazaji akawataja wote, wa kwetu na wa timu pinzani, mimi hakunitaja. Mama akasema labda mtangazaji huyo anasema haraka mno, akaongeza bidii darasani.

Siku moja tulikuwa tunaongoza kwa mbali sana, dakika za mwisho, kocha akaingiza watu wa benchi. Nikakimbia kama mwendawazimu, nikaruka kufuata mpira, nikatua kwa goti lile. Nililisikia likiachia. Nikalala pale sakafuni nimeziba uso.

Ndipo mtangazaji akanitaja. Mama alinisimulia baadaye, mwenyewe, bila kuficha. Alisikia jina langu akaruka, akapiga vigelegele, akawakumbatia wale wamama, "Ni yeye! Ni yeye!" Aliendelea kushangilia mpaka mmoja akamshika bega akamwonyesha kwenye kompyuta nilivyolala chini.

Msimu ulipoisha chuo kilinipiga chini. Nikaweka jina langu tena kwenye orodha ya wanaotaka kuhama, nikalala na simu mkononi. Hakuna aliyepiga. Masomo niliyosoma mengi hayakuhesabiwa popote. Nikarudi Toronto na mkongojo na begi lilelile.

Mama alinipokea kama mfalme. Hakuuliza kitu. Aliniambia tu, "Enda umusalimie kocha. Mutu aliyekuachilia kwa mikono mizuri, unarudi kwake." Kila Jumapili, wakati wa kutoa shukrani kanisani, kumbe alikuwa akimtaja kocha. Kanisa zima lilijua kwamba kuna mzungu mwenye roho safi aliyemwachia mtoto wa watu aende kutafuta. Mimi nikajitia kwamba goti linauma. Wiki iliyofuata nikasema kuna barafu. Nikapata kazi kwenye ghala kule Brampton, nikasema sina nafasi.

Basi akaenda mwenyewe.

Alimshonea kocha shati la kitenge, akalikunja vizuri, akapanda basi mpaka chuoni, akaulizia uwanja wa mazoezi kwa Kiingereza chake. Mimi sikujua. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta amekaa kitandani mwake, koti bado amelivaa, theluji ya viatu imeyeyukia kwenye zulia. Mama ambaye ukikanyaga zulia lake na viatu dunia nzima inasikia!

Nikamuuliza kama anaumwa.

"Nilienda kwa kocha," akasema. "Nilimwambia asante ya kumutuma mutoto yangu Amerika. Nilisema mwenyewe, polepole. Akaniangalia tu. Nikafikiri Kizungu yangu ni mubaya, nikarudilia."

Nilitaka sakafu ipasuke.

"Akaniambia, mama, mimi nilikuomba usimuache aende. Nilikuambia kwa meza yako." Akafungua kifungo cha koti. "Nilisikia yote. Hakuna mutu alinitafsiria."

Nikapiga magoti, hata lile bovu. Nikalia, nikasema nisamehe mama, nilikuwa mtoto, nilidanganyika. Hakunipiga. Laiti angenipiga! Kiatu kile alichonichapia zamani, kelele zile za zamani, ningevipokea kwa furaha. Aliniwekea mkono kichwani tu, akasema, "Nilikusamehe kwa basi, nikiwa narudi. Shati nilimuachia. Yeye hana kosa."

Nilikwenda kwa kocha baadaye. Alikuwa mwungwana mpaka mwisho. Aliniambia nafasi yangu ina mtu, na goti langu si la kukimbia tena, na hayo yote niliyajua. Lakini akasema kilichomuuma si timu. Alisema muda wote huo aliamini kwamba mama yangu alimsikiliza, akamwona hafai, na akamlilia kwa kumhurumia. Alikuwa amelivaa lile shati.

Sasa sichezi. Nasukuma mizigo, naendesha gari lile la kuinua maboksi, narudi nyumbani nakaa tu. Vijana wa mtaa wa Malvern, hapahapa Toronto, waliniomba niwafundishe, nikaenda mara moja, nikashika mpira, nikarudi. Wale wadogo walikuwa wakiniita kocha, sikuweza kuvumilia.

Lakini si hilo lililonifanya niandike. Ningekuwa nimepoteza mpira tu, ningenyamaza.

Majuzi nilimpeleka mama kliniki, presha yake imepanda. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni yake, kile nilichokikalia tangu nina miguu isiyofika chini. Daktari akaingia, akasalimia, akanitazama mimi, kama wanavyofanya wote. Nikafungua mdomo.

Mama akaniwahi. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba anaomba mkalimani.

Daktari akashangaa. Akauliza kama mimi si mwanawe.

"Mwanangu," mama akajibu, akanigusa goti. "Mtoto mzuri. Lakini naomba mkalimani."

Wakapiga simu, wakaiweka mezani. Ikasikika sauti ya mwanamke, lafudhi ya Tanzania, mpole tu, mtu ambaye hajawahi kutuona, na ndiye aliyemwambia mama yangu hali ya moyo wake. Mama aliinama kwenye ile simu, akamsikiliza kwa makini, akitikisa kichwa. Kila baada ya sentensi alisema, "Asante, dada." Mimi nilikuwa nimemshikia koti.

Wewe unayesoma haya, ambaye mama yako au baba yako anakugeukia mzungu akishamaliza kusema, nakusihi, mwambie yote. Akikukataza mtu, sema amenikataza. Kisha lia, gombana, nuna, kataa chakula ukitaka, lakini mzazi wako aamue akiwa amesikia. Mimi nilidhani namdanganya mara moja tu, kwa ajili ya kitu kikubwa, halafu nitarudi kuwa mdomo wake kama kawaida.

Ana miadi tena mwezi ujao. Ameshaniambia niombe ruhusa kazini nimpeleke, maana barabara zitakuwa na barafu, na anapenda nikiwepo. Nitampeleka. Mkalimani ameshawekwa.