Nafasi ya Yudith Katika Chuo cha Kampuni

Costancia ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliona tangazo. Lilibandikwa mlangoni mwa kanisa pale Kilosa, mwaka 1966: kampuni ya sukari imefungua chuo chake cha ufundi kule Ruaha, na safari hii inataka wasichana wawili wa kufundishwa kazi ya maabara, kupima utamu wa miwa. Kila mmoja awe amemaliza darasa la nane, na asiwe ameolewa.

Darasa la nane alimaliza, tena wa kwanza katika shule ya misheni. Lakini sasa alikuwa na mume huko Zombo, watoto watatu na shamba la mahindi. Aliyekwenda ni mdogo wake, Yudith, ambaye hesabu zote alifundishwa na Costancia mwenyewe.

Likizo ya kwanza Yudith alirudi na koti jeupe la maabara. Mama aliwaita majirani waje walishike. Costancia aliambiwa aangalie wali, na wali ukaungua.

“Dada, juisi ya miwa unaitia kwenye bomba la kioo, unachungulia, unaona namba,” Yudith alimweleza. “Si kazi ngumu. Hata wewe ungeiweza.”

Ile “hata wewe” ilimkaa Costancia kifuani mwezi mzima. Mwishowe akaenda kwa baba yao, Mzee Danieli, mwinjilisti asiyependa mchezo.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba. Kuna nini?”

“Ni Yudith. Wakata miwa wa kwetu wanasema anaonekana kwenye dansi, na mwalimu wake.”

Hakuna mkata miwa aliyesema neno hilo.

Kesho yake mzee alipanda basi. Kule chuoni mwalimu mkuu, Bwana Lupakisyo, alimwomba alete shahidi, na Yudith akaapa huku analia. Mzee hakusikia la mtu. Alirudi na binti yake na sanduku lake la bati, kisha akampeleka Zombo akamsaidie dada yake kuvuna.

Kwa wiki mbili Costancia alijisikia mwepesi. Yudith alivuna, wala hakuuliza nani alimsema. Kisha habari ikaja kwamba Baba amempatia mchumba, mgane mmoja wa Msowero mwenye ng’ombe wengi.

“Umekubali?” Costancia aliuliza.

“Nitakataa nikiwa na nini mkononi, dada?”

Costancia aliliweka chini kapu la mahindi. Maneno hayo aliwahi kuyasema yeye, miaka tisa nyuma, alipokuwa akisukwa nywele za harusi. Alfajiri alichukua baiskeli ya mumewe akaenda Kilosa.

“Baba, yale ya dansi niliyatunga mimi.”

“Mdogo wako amekukosea nini?”

“Hajanikosea. Ile nafasi niliitaka mimi.”

Alingoja kofi. Mzee aliinama tu, akaanza kuvaa viatu. Siku hiyohiyo alipeleka neno Msowero kuvunja uchumba, na juma lililofuata alikaa mbele ya Bwana Lupakisyo akaomba radhi, yeye ambaye hakuzoea kuomba. Nafasi ilikuwa imeshachukuliwa na mwingine. Yudith alipokelewa mwaka uliofuata, akaanza upya.

Siku ya kuondoka, kituoni, alimwambia Costancia: “Usinitumie salamu, dada. Nikiwa tayari nitakuja mwenyewe.”

Akakaa miaka mitano.

Alipokuja, alikuwa msimamizi wa zamu maabara, na watu wa Zombo walikuwa wamehamia kijiji cha ujamaa. Costancia alikuwa amechaguliwa kufundisha kisomo cha watu wazima. Yudith aliingia bila hodi katikati ya somo, akaketi benchi la nyuma pamoja na wanakijiji. Baadaye walikumbatiana, wakalia, wakacheka. Lakini pale darasani, watu walipogeuka kumtazama mgeni wa kiwandani, Costancia aligonga ubao kwa chaki.

“Tazameni huku mbele,” alisema, akaendelea kufundisha.