Nilihangaika na driver ya skana ya negative, nikaishia kumkalisha shangazi mahali pa pacha wake

Wakuu, poleni na majukumu. Nawaandikia kutoka Kilosa, ambako leo mtandao umeamua kuwa na utu.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi. Kama kuna mahali nimepunguza kitu, basi ni kwenye upumbavu wangu.

Mimi ni mtu wa makamo. Nina digrii mbili na hakuna hata moja inayojua kufunga driver.

Shangazi yangu anaitwa Doto. Kwa jina hilo tu mmeshaelewa kwamba alikuwepo Kulwa, aliyemtangulia kutoka tumboni. Kulwa alifariki kwa uzazi, akiwa binti wa miaka ishirini hivi. Walikuwa wanafanana kiasi kwamba babu yangu aliwaita kwa mafungu: "Nyie, njooni."

Picha yao ilikuwa moja tu. Mafuriko yalipoingia nyumbani, ikaondoka na maji pamoja na kabati.

Tangu hapo shangazi alibaki na sura ya Kulwa kichwani. Mwaka huu akaanza kuniambia kwamba nayo inafifia.

"Juzi nilikuwa na pua yake," aliniambia akichambua mchele. "Leo nimeitafuta, sijaiona."

Nikamwambia nitaleta picha.

Aliyewapiga picha yuko hai. Ni Mzee Mkude wa Mikumi, zamani alikuwa na studio kando ya barabara kuu. Studio ilikufa siku nyingi, lakini negative zake zote kazitunza kwenye makopo ya maziwa ya unga. Nilimkuta barazani, nikampa shikamoo, nikaeleza shida yangu. Tukakaa dirishani kuanzia saa tatu mpaka jua la utosi, yeye akiinua kipande kimoja kimoja kwenye mwanga, mimi nikisubiri.

"Hawa hapa," akasema hatimaye. "Walicheka mpaka nikataka kuwarudishia hela yao."

Nikatazama. Wakuu, mnajua negative inavyogeuza mambo: cheupe kinakuwa cheusi, cheusi kinakuwa cheupe. Nikaona wasichana wawili wenye mvi, uso wa giza, meno meusi, wamekaa pamoja wakicheka. Vikongwe wa miaka kumi na tisa. Nje malori yalikuwa yanapita kwenda Iringa na kioo cha dirisha kilikuwa kinatetemeka, nao wakawa kama wanatikisa mabega.

Mzee Mkude alinipa kile kipande, akanisisitiza nisikiguse katikati.

Skana nilikuwa nimeshainunua mtumba mtandaoni. Ilikuja bila CD, bila kitabu, na harufu ya nyumba ya mtu mwingine. Nilikuwa nayo gesti hapo Mikumi, nikasema nijaribu. Nikachomeka. Kompyuta ikaniandikia kwamba haikitambui kifaa hiki, ikaweka na kile kialama cha njano.

Nikatoka barazani kumpigia rafiki yangu wa Dar anayejua mambo haya. Nilikuwa na hasira, sauti ikapanda:

"Natafuta driver tangu mchana! Wote niliowapata ni wa zamani mno, hawakubali!"

Jamaa mmoja aliyekuwa anakula chipsi meza ya pili akafuta mikono, akainuka.

"Braza, mzigo unaenda wapi?"

"Hapana kaka, natafuta driver ya skana."

"Skania? Si ungesema mapema! Hiyo nimeendesha miaka saba, Tunduma naenda nimefumba macho."

Nikamwonyesha kile kisanduku kitandani. Akakitazama kwa huruma, kisha akanitazama mimi kwa huruma zaidi.

"Hii haina hata tairi, mkubwa." Akarudi kwenye chipsi zake.

Nikahamishia vita Kilosa, kwa shangazi.

Kwa wenye tatizo kama langu, niseme kwa ufupi. Mtengenezaji alishaacha kuihudumia skana ya aina hii. Driver yake ya mwisho ni ya Windows ya zamani ya 32-bit, na kompyuta ya leo ya 64-bit haitaki hata kuiona. Mimi nikapakua tatu kutoka tovuti tatu, nikazifunga zote, nikidhani wingi ni nguvu. Zikaanza kugombana zenyewe kwa zenyewe.

Dawa ilikuwa hii: niliziondoa zote, nikazima na kuwasha. Nikatafuta programu moja ya kujitegemea ya kuskani ambayo inakuja na driver yake ndani. Kompyuta ikakataa tena kwa sababu driver hiyo haikuwa na saini ya mtengenezaji, ikabidi niiwashe upya kwa ile njia ya kuzima ukaguzi wa saini za driver, nifunge, halafu niurudishe ukaguzi. Na waya uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, usipitie kwenye kigawanyio cha USB. Siku mbili za maisha yangu ziko kwenye sentensi hiyo ya mwisho.

Jioni ya siku ya pili, saa kumi na moja hivi, skana ikakohoa. Ikawasha taa.

Nikachagua filamu ya negative, nyeusi na nyeupe. Nikazima ile sehemu ya kuondoa vumbi, kwa sababu kwenye filamu nyeusi na nyeupe inakula na sura za watu. Nikabonyeza.

Picha ilikuja mstari kwa mstari kutoka juu. Kwanza pazia la studio, limechorwa milima ambayo haipo popote Tanzania. Kisha nywele, na safari hii zilikuwa nyeusi. Treni ya mizigo ikapita stesheni, meza ikatetemeka kidogo, na mapaji ya nyuso yakatokea na wimbi dogo kama watu wanaotazamwa ndani ya maji. Macho. Midomo. Nilijihisi kama ninayeota ndoto ya mtu mwingine, na mwenyewe kakaa pembeni yangu ananiangalia nisiharibu.

Shangazi akasogeza kiti. Akatazama muda mrefu sana.

"Huyu ni mimi," akasema, akigusa kioo cha kompyuta.

"Na huyu Kulwa," nikasema mimi.

Shangazi akasogea zaidi. Kisha akasema polepole: "Mimi nimekaa mahali pa Kulwa. Kulwa alikuwa kulia kwangu siku zote. Tukilala, tukitembea, tukila. Hata siku hiyo. Na huyu mwingine simjui."

"Shangazi, mtu anasahau. Ni miaka mingi."

"Simjui, mwanangu. Anafanana naye, lakini simjui."

Hapa ndipo elimu yangu ilipofanya kazi yake mbaya. Nikamweleza kwa upole namna kumbukumbu inavyojitungia mambo. Nikamwambia mashine haina sababu ya kudanganya. Nilizungumza vizuri sana, wakuu. Nilipomaliza alikuwa amejifunika khanga usoni.

"Basi nimemsahau," akasema. "Nilikuwa nangoja tu kuhakikisha."

Siku mbili hakuja tena karibu na kompyuta. Salamu alipokea, marahaba, na kuishia hapo.

Nikarudi Mikumi na picha kwenye simu, nikitarajia Mzee Mkude aniambie labda hao ni mapacha wengine. Akaisogeza simu puani.

"Umewageuza."

"Kivipi mzee?"

"Wewe umesoma mpaka wapi?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akachukua kipande cha negative nyingine, akalowesha mdomo kwa ulimi, akagusisha kona yake.

"Filamu ina pande mbili. Huu wenye dawa ya picha unanata mdomoni. Huu mwingine unateleza. Ukiilaza upande usio wake, kulia kunakuwa kushoto. Nguo zao hazina maandishi, nyuma hamna kibao, wewe ungejuaje? Mwenyewe ndiye angejua."

"Amejua," nikasema. "Mimi ndiye nimembishia."

Mzee akanirudishia simu. Hakucheka, na ningependelea acheke.

Nikarudi Kilosa siku hiyo hiyo. Nikaigusisha kona mdomoni kama nilivyofundishwa, nikageuza filamu, nikaskani upya. Nikamwita shangazi. Alikuja kwa heshima tu, kama mtu anayekwenda msibani kwa jirani asiyemzoea.

Pazia likashuka. Nywele zikashuka. Zikafika sura.

Shangazi akatoa sauti ambayo siwezi kuiandika.

"Kulwa! We Kulwa! Ona huo mdomo unavyopanda upande, alikuwa anatucheka wote!" Akaongea na picha kwa lugha ya nyumbani kwa dakika kadhaa, mimi nikakaa pale kama samani. Pua ilirudi. Kila kitu kilirudi.

Kisha akamtazama yule wa pili.

"Na huyu?"

"Ndiyo wewe, shangazi."

"Hapana bwana. Mimi siko hivi."

Ndipo nikaelewa, nikiwa nimechelewa kama kawaida. Kulwa alimwona kwa macho yake kila siku. Yeye mwenyewe alijiona kwenye kioo tu, na kioo humgeuza mtu. Ile skani yangu mbovu ilimpa Doto wa kwenye kioo, ikamnyima Kulwa.

Nikamweleza, safari hii kwa maneno machache. Akafikiri.

"Huwezi kunipa Kulwa wa hii na mimi wa ile?"

"Naweza, lakini itabidi niwakate katikati."

Akatazama mabega yao yalivyogusana.

"Usiwakate. Iache hivi hivi. Huyu mgeni nitamzoea."

Nilichojifunza, wakuu: kabla ya kuskani, tafuta upande wenye dawa. Na picha ikipishana na mtu aliyekuwepo, anza kukagua mashine.

Mwenye uzoefu wa skana hizi za zamani ashushe hapa anavyofanya. Na kama kuna pacha humu ndani, niambie: ukitazama picha mliyopiga wawili, unaanza kumtafuta nani?