Karuho Waliyosema Sylvie Alinipa

Vijana wa avenue yetu walikuwa wameshaokota mawe.

Walitaka kumpiga Sylvie, wifi yangu, dada ya marehemu bwana yangu. Kosa lake? Kunipikia sombe, majani ya muhogo.

Mimi niko mujane, nakaa Goma, karibu na soko ya Kituku. Miaka ine nilimeza oméprazole kila asubuhi, sababu ya kiungulia.

Infirmière Apolline, muuguzi wetu, aliniambia: «Mama, utaiacha pole pole. Leo unameza, kesho unapumuzika. Pilipili, hapana. Na usilale na tumbo imejaa.»

Mimi, kichwa ngumu, nikaacha dawa yote kwa mara moja. Nikaenda kwa Sylvie, nikala foufou na sombe ya pilipili, nikarudi kwangu kulala.

Weee! Moto toka tumboni mpaka kwenye meno.

Jirani yangu Domitille akafika mbio. Huyo mama, mdomo wake unatembea mbele ya miguu.

«Karuho hiyo! Sylvie amekupa sumu, anataka parcelle, kiwanja cha kaka yake!»

Alipiga kelele mpaka avenue nzima ikasikia. Kisha akaniletea mutu anayejiita Docteur Gauthier. Viatu vya ncha, manukato ya kuua inzi.

«Mama, sumu inapanda kwenye moyo. Meza hii. Ni mizizi ya pori, nimechimba mwenyewe.»

Kijiko cha asali. Ndani yake, chembe nyeupe, duara, ndogo kama mayai ya samaki sambaza.

Nilifika sixième primaire tu, darasa la sita, lakini macho niko nayo. Gélules za oméprazole zilikuwa zinanikwama kooni, nilizoea kuzifungua na kumeza zile chembe na maji.

«Docteur, hiyo pori yako iko pharmacie gani?»

«We mama, unajua nini?»

«Najua dawa yangu. Toka kwangu, mwongo!»

Nikatoka na kijiko mkononi, nikawaonyesha vijana: «Si karuho, ni kiungulia changu! Huyu ananipa dawa ile ile niliyoacha.» Nikapita katikati yao mpaka kwa Sylvie.

«Wifi, nipe ndizi ya kuchemsha. Pilipili, hapana.»

Nikala mbele yao wote. Jiwe moja likaanguka chini, kisha lingine.

Domitille alitazama kile kijiko. Alikaa kwenye vumbi.

Mwaka mzima alikuwa ananunua asali ile ile kwa Gauthier, kwa tumbo yake mwenyewe. Alisema Élodie, mukwe wake, bibi ya mutoto wake, ndiye alimpa «karuho», akamfukuza na kichanga mgongoni.

Mimi nilipunguza dawa siku kwa siku, kama Apolline alivyosema. Leo simezi tena.

Domitille anasali rozari kwa sauti kushinda sisi wote. Kwa Élodie bado hajaenda kuomba musamaha.

Ukiunguzwa na tumbo, tazama kwanza sahani yako. Na kama umeshamuchafulia mutu jina, Mungu anakungojea mlangoni kwa mutu huyo, si kanisani.