Kigingi Ndani ya Banda

Mume wangu alikuwa mhunzi. Tulitoka Lindi tukiwa bado hatujapata mtoto, tukapanga chumba Ilala, naye akajenga banda la mabati Gerezani, kando ya barabara iliyotoka kwenye maghala ya reli kwenda sokoni Kariakoo. Hapo aliunda mikokoteni na kuvisha magurudumu pete za chuma. Mimi nilikaa mlangoni na karai langu la maandazi, nikiwauzia wachukuzi.

Barabara yenyewe ilikuwa imekwisha. Lami ya zamani ilibaki mabaka mabaka kama ukoko wa wali, na katikati yake mashimo. Masika yakiingia, malori yalizama, magunia yakashushwa kwenye tope, na wenye maduka ya jumla wakaanza kupitishia mizigo yao kwingine. Seremala jirani yetu alikuwa akifagia banda lake asubuhi, akafagia tena jioni, na katikati hapakuwa na kazi.

Kisha mchukuzi mmoja, kijana wa kwetu kusini aliyekunywa chai kwangu kila siku, gurudumu lake likaingia shimoni na mzigo wa saruji ukampindukia. Walimtoa hai, lakini mguu mmoja ulikuwa umevunjika, hakuukanyagia tena. Tulimsindikiza bandarini, akarudi kwao.

Ndiyo maana mzungu wa barabara alipokuja kukagua, mume wangu, mtu ambaye hata kwenye harusi hakuwa na maneno, alitoka mbele ya watu.

"Mwambie bwana," alimwambia karani aliyekuwa akitafsiri, "barabara hii inatuvunja miguu, na riziki inatuvunjia. Tunataka ijengwe upya."

Karani akatafsiri. Mzungu akaitikia kwa kichwa. Itajengwa, alisema, ili biashara za hapa zipate kusimama. Watu walimpa mume wangu mkono mmoja mmoja, na mimi nilijivuna kweli.

Tulingoja sana. Hatimaye karani akarudi na vibarua wenye kamba na nyundo. Wakapima, wakaingia ndani ya banda letu bila kubisha hodi, wakapigilia kigingi karibu na fuawe ambayo mume wangu alifulia chuma.

"Barabara inapanuliwa ili malori mawili yapishane," karani alisema. "Mabanda ya upande huu yaondoke."

"Sisi twende wapi?" seremala akauliza.

"Tafuteni mahali, wazee wangu. Mimi nimetumwa tu." Alisema hivyo akitazama viatu vyake.

Mume wangu aliinama akaanza kukusanya nyundo zake. Nikamvuta kando. "Sema basi, mume wangu. Siku ile si ulisema?"

"Niseme nini, mama? Kwamba sasa siitaki?"

Tulibomoa wenyewe, ili mabati yasiharibiwe. Seremala akafunga misumeno yake kwenye gunia akarudi kwao, sikumwona tena. Sisi tulihamishia kazi uani kwetu Ilala. Wachukuzi waliahidi kutufuata, lakini nani atakokota mkokoteni uliovunjika mpaka Ilala? Na ile lami mpya ilipokauka, magurudumu hayakuvunjika tena ovyo. Maduka ya jumla yalistawi, nisiseme uongo. Malori yalipita mchana kutwa. Mvukuto wetu wa kupulizia moto ukaliwa na panya, na fuawe akainunua fundi mwingine.

Siku moja nilikuwa nikitoka sokoni nikamwona mume wangu anapanda ile barabara, kifua wazi, akivuta mkokoteni wa mtu mwingine uliojaa mahindi. Asubuhi aliniaga kwamba anatafuta kazi. Hakuniambia kazi gani. Nilisimama pembeni, naye akasimama.

"Pole, mume wangu."

"Nishapoa." Akajifuta jasho. "Barabara nzuri hii. Hukwami popote."

Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli, sikuiona. Akainamia mikono ya mkokoteni, akaendelea.

Aliifanya kazi hiyo mpaka mgongo ukakataa, akawa mtu wa kulala. Wachukuzi wa zamani walipokuja kumjulia hali, walikaa kwenye mkeka na kuilaani barabara, wakidhani wanamfariji. Hapo ndipo alipokasirika. "Acheni hayo," aliwaambia. "Yule kijana wa saruji mmemsahau?" Kisha akageukia ukutani, na wageni wakabaki wakitazamana, wasijue waage au wakae.