Kipenga kilipolia ukumbini

Leo nimetukatia tamaa sote, mimi nikiwemo.

Jioni tulikuwa ukumbini hapa Msambweni, jirani na ofisi ya chifu, tukitazama filamu ya Kijerumani ya kejeli. Mji mzima unalipigia saluti koti la mkubwa lililotundikwa ukutani. Koti tupu, mwenyewe hayumo.

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Kando yangu alikuwa Bi Mwanasha, yule muuza viazi karai.

"Watu hawa hawana akili, wallahi," akasema.

Mara kipenga kikalia nje.

Ukumbi mzima tukainuka. Kimya, mikono imenyooka, vile tunavyosimama kila jioni kipenga kikilia na bendera ikishushwa pale kwa chifu.

Kwenye skrini, Wajerumani wanaendelea na koti lao.

Nikachungulia dirishani. Kumbe ni refa, vijana wanacheza mpira.

Nikamnong'oneza Bi Mwanasha, "Si bendera, mama. Ni mpira."

"Nimeona, mwanangu."

"Sasa mbona hatukai?"

Hata hakunigeukia. Macho mbele, mikono bado imenyooka.

"Hatujaambiwa."

Nami nikabaki nimesimama.

Nyinyi mngekaa? Semeni kweli.